Kohozi: Historia ya Neno na ya Kifua katika Uzaramo

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii imechambuliwa mara nyingi kwa upande wa mapenzi, lakini upande wa kikohozi umeachwa kana kwamba hauna la kufundisha. Msingi wa methali ni sauti: mwenye kukohoa husikika hata gizani, hata akiwa chumba cha ndani. Hata hivyo, kinachotoka baada ya sauti hiyo hufichwa sana. Mtu mwenye adabu zake hukohoa mbele ya watu akiwa ameziba kinywa, kisha hutoka nje, hugeuka upande, hutema na kufukia kwa mchanga. Kikohozi ni cha hadhara. Kohozi ni la faragha.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya kitu hicho cha faragha na ya majina yake katika eneo la Kisarawe na Kibaha, Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya Uzaramo ya asili, ambako lugha za Kibantu za bara ya karibu na Kiswahili cha mwambao vimeishi pamoja kwa karne nyingi. Pili, ni eneo lililo jirani na Dar es Salaam, kwa hiyo elimu mbalimbali za tiba zimelifikia moja baada ya nyingine bila iliyotangulia kuondoka. Mtu wa Kisarawe anayepata nafuu ya mafua, lakini bado anasumbuliwa na makohozi kooni, huweza kunywa tangawizi asubuhi, kujifukiza jioni, na kesho yake kwenda zahanati. Katika kila hatua hutumia Kiswahili, ingawa si Kiswahili kimoja.

Hoja kuu ni kwamba neno kohozi limebeba elimu tatu: elimu ya wasemaji wa Kibantu walioliunda, elimu ya tiba ya mwambao iliyoleta neno belghamu, na elimu ya maabara iliyolitoa kohozi katika faragha na kuliweka katika kikopo chenye jina la mgonjwa. Mahali elimu hizi zinapokutana bila kuelewana, mgonjwa ndiye anayepata hasara.

2.0 Umbo la Neno

Kitenzi kohoa si cha mkopo. Wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu wana kitenzi cha maana hiyo hiyo chenye umbo la karibu: Waganda husema okukolola, Wanyarwanda gukorora, Wagikuyu gũkorora, na Washona kukosora. Mtawanyiko huo, kuanzia maziwa makuu hadi kusini mwa mto Zambezi, unaonesha kwamba neno ni la kale sana, na kwamba wakulima wa Kibantu waliofika pwani ya Afrika Mashariki walikuja nalo. Walikohoa kabla ya kufika pwani, na walikuwa na jina la kitendo hicho.

Mifano hiyo inaonesha pia jambo la kiisimu. Katika lugha hizo nyingine, sehemu ya mwisho ya kitenzi ina konsonanti l au r ambayo Kiswahili hakina. Kiswahili kimedondosha l ya kale katika mazingira ya namna hii: fungula likawa fungua, pokela likawa pokea. Lakini sauti hiyo haikupotea kabisa. Hurudi katika fungulia na pokelea. Tena hurudi kwa sura ya z pale nomino inapoundwa kwa kiambishi tamati -i: chukua hutoa mchukuzi, nunua hutoa mnunuzi, okoa hutoa mwokozi, na pokea hutoa mapokezi. Kwa kanuni hiyo hiyo, kohoa hutoa kohozi. Z iliyomo katika neno hilo ni kumbukumbu ya l ambayo msemaji wa leo haitamki tena katika kitenzi chake. Pumua na pumzi ni jozi nyingine ya ukoo huo.

Kutoka katika shina hilo Kiswahili kimeunda majina mawili kwa kubadili ngeli tu. Kikohozi kimewekwa katika ngeli ya KI-, pamoja na magonjwa kama kifafa, kichomi, kifaduro na kipindupindu. Makohozi yamewekwa katika ngeli ya MA-, pamoja na maji, mate, machozi, makamasi, maziwa na matapishi, yaani vitu vya majimaji visivyohesabika. Umoja wake, kohozi, hutumika kwa donge moja linalotoka. Hivyo basi sarufi yenyewe ilitenganisha mambo mawili ambayo mgonjwa huyapata kwa pamoja: ugonjwa ni kikohozi, na zao lake ni makohozi. Mtu anaweza kuwa na kikohozi bila makohozi, na wasemaji hukiita kikohozi kikavu. Anaweza pia kubaki na makohozi wakati kikohozi chenyewe kinaelekea kuisha, na hiyo ndiyo hali ya anayepata nafuu ya mafua.

Jambo la tatu linahusu mahali pa ugonjwa. Mzaramo au Mswahili anayesema «nina kifua» hasemi kwamba ana kiungo hicho, kwani kila mtu anacho. Anasema kwamba kifua chake ni kigonjwa. Matumizi haya si ya Kiswahili pekee. Neno la Kiganda ekifuba lina maana ya kifua na pia ya maradhi ya kukohoa, na chifuwa cha Kichewa ni hivyo hivyo. Kiungo kimelipa jina gonjwa lake. Ndiyo maana ugonjwa mkubwa kuliko yote ya aina hiyo ulipata jina la kifua kikuu bila kuhitaji neno la kigeni. Kivumishi kimoja kiliongezwa, na kila msikilizaji akaelewa kwamba hiki si kile kifua cha siku zote. Hata hivyo, urahisi huo una upande wa pili. Kama kifua kikuu ni kifua kilichozidi, basi mtu huweza kudhani kwamba kila kikohozi kiko katika ngazi moja ya kupanda na kushuka, na kwamba anayekunywa dawa ya kifua kidogo kwa muda mrefu anatibu pia kile kikubwa.

3.0 Belghamu na Elimu ya Mwambao

Kamusi za Kiswahili zimelihifadhi pia neno belghamu, ambalo wengine huliandika balghamu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na Kiarabu kililipata katika Kiyunani, ambako phlegma ilitokana na kitenzi chenye maana ya kuwaka. Safari yake ni ya ajabu kidogo. Kilichoanza kwa jina la moto kikaja kuwa, katika mafundisho ya waganga wa Kiyunani waliomfuata Hippocrates, jina la umajimaji wa baridi.

Mafundisho hayo, yaliyopangwa na Galen na kuendelezwa na wanazuoni wa Kiislamu, hasa Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, yalieleza kwamba mwili una majimaji manne: damu, belghamu, safura na sauda. Damu ina joto na unyevu. Safura, yaani nyongo ya manjano, ina joto na ukavu. Sauda, yaani nyongo nyeusi, ina baridi na ukavu. Na belghamu ina baridi na unyevu. Afya ni mizani ya hayo manne. Mtu mwenye makohozi mengi, kwa elimu hiyo, ni mtu ambaye baridi na unyevu vimemzidi, na dawa yake ni kitu chenye joto na ukavu.

Elimu hii ilifika mwambao kwa njia ya vitabu vya Kiarabu, walimu wa dini, mabaharia na wauza dawa wa madukani. Mwanaanthropolojia Marc Swartz, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Waswahili wa Mombasa, alieleza jinsi fikra ya mizani ya joto na baridi ilivyoendelea kuongoza chakula na tiba za nyumbani hadi mwishoni mwa karne ya 20. Anayetoa tangawizi, pilipili manga, karafuu, mdalasini na asali kwa mwenye mafua, na anayemkataza maji ya baridi na dafu, anafuata kanuni ya Galen hata kama hajalisikia jina lake.

Yafaa kutazama jinsi maneno hayo manne yalivyopokewa, maana hapo historia ya lugha inaonesha jambo ambalo historia ya tiba peke yake haioneshi. Damu halikuhitaji mkopo wa maana mpya. Safura lilipokewa, kisha likahama: katika Kiswahili cha leo ni jina la ugonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, na wasemaji wengi hawajui kwamba liliwahi kuwa jina la nyongo. Belghamu lilikutana na kohozi, neno la wenyeji lililokuwa limekwisha kukamata nafasi yake. Likabaki katika kamusi, katika maandishi na katika vinywa vya waliosoma, wakati kohozi liliendelea kutawala katika nyumba na mashamba. Kwa maneno mengine, mwambao ulikubali dawa za elimu ya belghamu lakini haukulihitaji sana jina lake. Tangawizi ilishinda, istilahi ikashindwa.

4.0 Uzaramo: Jiko, Mganga na Misheni

Nyuma ya vilima vya Pugu, katika vijiji vya Kisarawe, na magharibi zaidi kuelekea Kibaha na Mto Ruvu ambako Wazaramo hukutana na Wakwere, elimu hiyo ya mwambao ilikuta elimu nyingine iliyokuwa na majani yake, mizizi yake na mapisi yake. Utafiti wa Lloyd Swantz juu ya waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam, na ule wa Marja-Liisa Swantz juu ya mila za Wazaramo uliochapishwa mwaka 1970, unaonesha kwamba mganga wa Uzaramo mara nyingi alikuwa mtu wa vitabu na wa mitishamba kwa wakati mmoja. Hakuona mgongano kati ya kombe lililoandikwa aya na chungu cha mizizi.

Kabla ya hapo, Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa sehemu kubwa kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilikuwa kimekwisha kuonesha kwa Kiswahili fasaha jinsi watu wa mrima walivyoyazungumza magonjwa na uganga. Umuhimu wa kitabu hicho ni kwamba mwenyeji ndiye anayeyaeleza maradhi kwa lugha yake mwenyewe, kabla lugha ya hospitali haijaingia kati.

Katika jiko la Uzaramo, tiba ya makohozi yanayobaki baada ya mafua ilikuwa na njia tatu. Njia ya kwanza ni kinywaji cha moto: tangawizi, mchaichai, ndimu, asali. Ya pili ni kusukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ya tatu ni kujifukiza: majani yenye harufu kali, kama ya kivumbasha, mwarobaini au, baada ya mti huo wa Australia kuenea, ya mkaratusi, huchemshwa katika chungu, na mgonjwa hujifunika shuka na kuvuta mvuke. Chungu hicho ndicho kilichoipa tiba hiyo jina la nyungu.

Jiko hilo hilo lilikuwa pia chanzo cha kikohozi. Kuni huwaka ndani, na moshi hauna pa kutokea. Tena Kisarawe na Kibaha ni miongoni mwa maeneo yaliyolisha jiji la Dar es Salaam kwa mkaa, na mchoma mkaa hushinda kando ya tanuru lenye kufuka kwa siku kadhaa. Kwa watu wa namna hiyo kikohozi ni sehemu ya kazi, na mwenye kikohozi cha kazi huchelewa kukitambua kikohozi cha ugonjwa.

Misheni za Kilutheri za Kijerumani zilianzishwa Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Zilileta shule, na zilileta fikra mpya kwamba uchafu unaoonekana na ugonjwa usioonekana ni ndugu. Kutema mate ovyo, ambako zamani kulikuwa kukosa adabu tu, kukaanza kuhesabiwa kuwa hatari.

5.0 Kohozi Linaingia Maabara

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria anayesababisha kifua kikuu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1897, daktari huyo alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria na maradhi mengine ya koloni. Hakuja kwa ajili ya kifua kikuu. Lakini ugunduzi wake ulikuwa umekwisha kubadili hadhi ya makohozi duniani kote. Kabla yake, daktari aliyatazama rangi, uzito na harufu, kama mganga wa Uzaramo alivyofanya. Baada yake, makohozi yalipakwa juu ya kioo, yakatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Swali halikuwa tena makohozi ni ya namna gani, bali ndani yake mna nani.

Mabadiliko hayo hayakuwafikia watu wa Kisarawe mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1918 ulikuja kwanza ugonjwa wa haraka. Homa kali ya mafua iliyozunguka dunia iliingia Afrika Mashariki wakati askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa njiani kurudi kwao, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na safari. Homa hiyo iliwafundisha watu jambo ambalo lugha ilikuwa inalificha: kwamba mafua, jina la ugonjwa mdogo wa kupiga chafya, linaweza kuwa jina la ugonjwa wa kuua.

Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo tiba ilikuwa mapumziko, chakula na hewa ya milimani. Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya ugonjwa huo, streptomycin, ilitangazwa mwaka 1944. Kabla ya hapo, kumwambia mtu kwamba makohozi yake yana vimelea ilikuwa karibu sawa na kumtangazia kifo. Si ajabu kwamba watu waliyaficha.

6.0 Kibaha, Redio na Mpango wa Taifa

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, Kibaha ilipata nafasi ya pekee. Kuanzia mwaka 1963 nchi za Skandinavia zilishirikiana na Tanganyika kujenga hapo kituo chenye sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Huduma yake ya afya ndiyo iliyokua na kuwa Hospitali ya Tumbi. Wazo la Kibaha lilikuwa kwamba ujinga, maradhi na umaskini, maadui watatu waliotangazwa na Mwalimu Nyerere, wapigwe vita mahali pamoja.

Mwaka 1973 wazo kama hilo lilienezwa nchi nzima kwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili, na kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa. Kwa mwanahistoria wa lugha, kampeni hiyo ina uzito mkubwa. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya Watanzania walijadili vimelea, minyoo na kinyesi kwa Kiswahili cha hadhara, mbele ya majirani, wanaume kwa wanawake. Maneno yaliyokuwa ya faragha yalipewa ruhusa ya kutamkwa.

Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Mpango huo haukujengwa juu ya mashine ghali. Ulijengwa juu ya hadubini, juu ya dawa zinazomezwa chini ya uangalizi, juu ya daftari, na juu ya makohozi. Mafunzo yake yalikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza katika miaka ya 1990 kwa ajili ya dunia nzima. Kwa maana hiyo, kohozi la mwanakijiji wa Tanzania limechangia elimu ya tiba ya ulimwengu.

Baadaye vipimo viliongezeka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha mashine kinachotambua vinasaba vya bakteria kwa saa chache. Huko Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa makohozi yanayoletwa kutoka vituo vya afya, vikiwemo vya Dar es Salaam, ili kuwabaini wagonjwa waliopitwa na hadubini. Lakini mashine na panya wana sharti moja lisilobadilika: kile wanacholetewa kiwe kohozi kweli.

7.0 Mate, Kohozi na Adabu

Sharti hilo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la tiba. Mate hutengenezwa kinywani. Makohozi hutoka chini, katika njia za hewa na mapafu. Mgonjwa anayetoa mate badala ya makohozi anaweza kupewa jibu kwamba hana vimelea ilhali anavyo. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo wazi kwa vitu hivyo viwili. Tatizo ni kwamba kitenzi kinachotumika kwa vyote ni kimoja: tema. Mhudumu anayeharakisha na kusema «tema hapa» hupewa kilicho karibu, nacho ni mate.

Juu ya hilo huja adabu. Mwanamke wa Kisarawe aliyelelewa kutotema mbele ya watu haombwi jambo dogo anapopewa kikopo. Anaombwa avute pumzi kwa nguvu, akohoe kwa sauti, atoe kohozi na kumkabidhi mtu mwingine, pengine kijana wa umri wa mwanawe. Akitoa mate kidogo na kurudisha kikopo kimefunikwa haraka, si kwamba hakuelewa, amejisitiri. Maelekezo mazuri humpa nafasi ya kusimama nje, penye hewa na mbali na macho. Hueleza kwa maneno kamili: kusukutua kwanza kwa maji, kuvuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kukohoa kutoka kifuani. Sentensi kama hizo hazihitaji istilahi hata moja ya kigeni. Zinahitaji mtu anayejua thamani ya kutofautisha maneno aliyonayo.

Istilahi za kisayansi zimefanyiwa kazi kubwa na Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 imeunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mfano wa kohozi unaonesha kwamba pengo halipo daima katika msamiati. Mara nyingine neno lipo, tena ni la kale na la wazi, na kinachokosekana ni ujasiri wa kulitumia.

8.0 Nafuu ya Mafua: Kohozi Lisiloisha

Yabaki hali ya kawaida kuliko zote, ile ya mtu ambaye homa imekwisha, pua imefunguka, lakini kila asubuhi huamka na kitu kimekwama kooni. Elimu ya leo inaeleza kwamba utando wa njia za hewa uliojeruhiwa na virusi huendelea kutoa ute kwa siku kadhaa baada ya virusi kuondoka, na kwamba vinyweleo vidogo vinavyousukuma ute huo juu huchukua muda kurejea katika kazi yake. Kwa hiyo kikohozi cha baada ya mafua huweza kuendelea kwa takribani wiki mbili hadi tatu bila kuwa ishara ya ugonjwa mwingine. Rangi ya manjano au ya kijani peke yake si uthibitisho wa bakteria, na viuavijasumu haviui virusi vya mafua. Anayenunua vidonge hivyo dukani kwa sababu ya rangi ya kohozi hupoteza fedha, na huwafundisha bakteria wengine kuzizoea dawa.

Ikipimwa kwa elimu hiyo, tiba ya jiko la Uzaramo haiaibiki. Vinywaji vya uvuguvugu hulainisha koo, na maji ya chumvi hupunguza mkwaruzo. Asali hutuliza kikohozi, ingawa haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa kuwa inaweza kuwa na spora za bakteria zinazoweza kukua na kutoa sumu ndani ya utumbo wake. Mvuke huleta faraja ya muda. Hata hivyo, faraja si ponyo, na chungu cha maji yanayochemka chini ya shuka kimeunguza wengi. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia nchini na nyungu ikapewa nafasi kubwa katika mazungumzo ya taifa, tofauti hiyo kati ya kufariji na kuponya ilikuwa swali la uhai na kifo. Neno dawa, ambalo kwa Kiswahili hubeba maana zote mbili, halikusaidia kuitenganisha.

Mpaka kati ya nafuu na hatari huwekwa na siku. Mwongozo wa Tanzania humtaka mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Mwenye makohozi ya damu, anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku au anayepumua kwa shida hapaswi kusubiri wiki hizo. Hapo panaonekana ugumu wake: muda wa kohozi lisilo na neno na muda wa kohozi la kutiliwa shaka hukaribiana, hata kupitana. Hakuna jani, rangi wala ladha inayoweza kuvitofautisha. Kinachoweza ni kuhesabu siku, na kusema ukweli kuhusu hesabu hiyo.

9.0 Hitimisho

Historia ya neno kohozi si historia ya elimu moja kuifukuza nyingine. Mkulima wa Kibantu alilipa neno umbo lake, na l iliyosahauliwa ingali inasikika ndani ya z yake. Mwanazuoni wa mwambao alilipa jirani wa heshima, belghamu, na akaacha tangawizi jikoni. Koch na wafuasi wake waliligeuza kuwa ushahidi. Redio ya mwaka 1973 ililipa ruhusa ya kutamkwa, na mpango wa mwaka 1977 ukalipa kikopo na daftari.

Kazi iliyobaki si ya madaktari peke yao. Mwanafunzi wa isimu anayeandika kijitabu cha afya, mfasiri anayetafsiri mwongozo wa Wizara, na mwalimu anayefundisha ngeli ya MA- kwa mifano ya maji na maziwa, wote wana sehemu yao. Mwalimu huyo akiongeza mate na makohozi katika orodha yake, bila haya na bila kicheko, atakuwa amefundisha sarufi. Na mmoja wa wanafunzi wake, siku atakapopewa kikopo katika zahanati ya Kisarawe au ya Kibaha, atajua ni kipi kati ya hivyo viwili anachoombwa.